Samaki mweupe asiye na mafuta kwa mama wa miaka 71, anatosha au tunajidanganya?

SWALI: Habari mtaalamu. Nauliza kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 71, kilo 60, ana sukari ila imetulia, anameza metformini miaka mingi sasa. Figo zilipimwa majuzi dokta akasema ziko sawa. Mwaka jana aliacha nyama nyekundu kabisa akahamia samaki mweupe, minofu ya kodi (yule samaki cod) au tilapia ya pakiti ile ya barafu, kila siku mchana gramu 100, napima mwenyewe kwenye mizani ya jikoni kabla ya kupika. Nilisoma kwamba gramu 100 za kodi zina protini gramu 23, nikaona poa. Sasa jirani anasema tunapoteza muda, samaki asiye na mafuta hana omega-3 so kwa mzee hana maana, bora kapsuli. Na mimi nimeona siku hizi mama akitaka kunyanyuka kwenye kochi lazima ashike mkono wa kochi. Je, samaki huyu anamsaidia? Gramu ngapi kwa siku? Akikaangwa faida inapotea? Na zebaki je, akila kila siku? Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na slesi mbili za mkate, usiku supu ya mboga na kipande cha mkate.

JIBU: Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza mambo manne ila mimi naanzia pale ulipopita haraka haraka, kwenye mkono wa kochi, maana hilo ndo jambo lenyewe na hayo mengine yote yanalizunguka. Mtu aliyekuwa ananyanyuka bila kushika kitu halafu akaanza kushika, watu husema "ah, uzee huo" wanaendelea na maisha, kumbe mara nyingi ni misuli ya mapaja imepungua na nguvu zake zimepungua zaidi. Kitaalamu inaitwa sarkopenia, jina lililopendekezwa na Irwin Rosenberg wa Marekani mwaka 1989 kutoka maneno ya Kigiriki, ukilitafsiri kavu kavu ni umaskini wa nyama, na kwa kweli jina limekaa.

Sasa samaki mweupe kazi yake kwa mama ni hapo. Mjadala wa omega-3, yale mafuta ya samaki yanayosifiwa kwa moyo, tutaufikia, ila jirani yako anamhukumu huyu samaki kwa kazi ambayo sio yake, ni kama kumlaumu fundi seremala kwa bomba kuvuja. Kodi (sizungumzii ile ya serikali), hadoki, tilapia, hawa ni samaki wa protini. Maji, protini, mafuta kidogo sana, basi. Kodi aliyepikwa bila mafuta ana kama kalori 105 kwa gramu 100, mafuta hayafiki hata gramu moja, protini karibu gramu 23. Tilapia anazidi kidogo, protini kama 26 na mafuta gramu 2 na ushee. Na ni protini kamili, asidi amino (vile vijenzi vya protini) zote muhimu zipo, tena inameng'enywa kirahisi.

Lakini hapo kwenye 23 ndo umeteleza, na usijilaumu, hata wanafunzi wetu wanateleza hapo hapo. Ile 23 ni ya samaki ALIYEPIKWA. Wewe unapima mbichi. Mbichi gramu 100 za kodi zina protini kama gramu 18 tu, akiiva maji yanatoka anabaki gramu 75 au 80 hivi, protini ni ile ile 18, haijaongezeka wala kupungua, ila imejibana kwenye kipande kidogo. Halafu kuna jingine, pakiti ya barafu. Minofu mingi ya kugandishwa hupakwa tabaka la barafu kwa nje ili isikauke kwenye friza, na hilo barafu lina uzito wake, linaweza kuwa asilimia 10 au zaidi ya kile unachokiweka kwenye mizani. So kama unapima ikiwa bado imeganda, zile gramu 100 zako huenda ni 90 za samaki na 10 za maji, tayari tumeshashuka kwenye protini gramu 16. Yeyusha kwenye friji usiku kucha, mwaga maji, futa kwa karatasi ya jikoni, ndo upime.

Tujumlishe siku nzima ya mama basi. Asubuhi slesi mbili na maziwa ya kwenye chai, tuseme gramu 7 au 8. Mchana samaki 16 hadi 18, na chochote kinachomsindikiza kinaleta mbili tatu. Usiku supu ya mboga na mkate, gramu 5 au 6, nikiwa mkarimu. Jumla tunacheza kwenye 30 hadi 35. Wakati mapendekezo ya kundi la wataalamu la PROT-AGE ya mwaka 2013, ambayo wengi tunaofanya kazi na wazee tunayafuata, ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa mtu wa zaidi ya miaka 65, yaani kwa mama wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Anapata nusu. Na aliyeacha nyama nyekundu bila kuziba pengo ni mama, samaki hana kosa hapo, kakabidhiwa kazi ya watu watatu akapewa gramu 100.

Kabla hujaongeza chochote, hiyo habari ya figo hakikisha umeielewa vizuri, muulize dokta namba ya eGFR, kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu, ni ngapi maana "ziko sawa" ni neno pana. Kwa mtu ambaye eGFR iko chini ya 30 na hajaanza dayalisisi, haya ninayoandika hapa kuhusu kuongeza protini hayamhusu, yeye anapangiwa na daktari wake wa figo. Kama ya mama iko vizuri tuendelee.

Kuna kitu kinaitwa ukinzani wa misuli, mimi huwa nakieleza hivi: misuli ya kijana ina masikio makali, ukileta protini gramu 15 inasikia inaanza kujijenga, misuli ya mzee ina uziwi kidogo, lazima ugonge mlango kwa nguvu. Anayegonga ni asidi amino inayoitwa leusini. Kwa mzee tunalenga gramu 25 hadi 30 za protini kwa mlo MMOJA, ndani yake leusini gramu 2.5 mpaka 3 hivi. Protini ya samaki ina leusini kama asilimia 8. Kwahiyo zile gramu 18 za mama zinampa leusini kama 1.4, mlango haujagongwa, umeguswa tu. Ukipandisha mpaka gramu 165 za mbichi (iliyoyeyuka na kufutwa maji!) unapata protini karibu 29, leusini 2.3 au 2.4, hapo sasa, na ukiongeza kijiko cha maharage au mtindi pembeni umefika. Akishapikwa ni kipande cha gramu 125 au 130, kama kiganja chako bila vidole ila kinene. Sio kingi hivyo.

Na tafadhali usimrundikie samaki wote mchana halafu asubuhi na usiku abaki na mkate. Asubuhi mayai mawili na bakuli la mtindi juu ya zile slesi zake, tayari tuko kwenye 25. Usiku ile supu ya mboga itie kikombe cha maharage au dengu zilizoiva, na glasi ya maziwa baadaye, unakaribia 25 nyingine. Jumla itavuka 72, najua, nimeweka makusudi, maana mzee hamalizi sahani. Ndo maana nawaambiaga watu pimeni na mabaki! Mtu anaandika kwenye daftari gramu 165 wakati gramu 50 zimerudi jikoni chini ya tishu. Mama akibakiza kidogo kila mlo bado atakuwa juu ya 60.

Sasa jirani na omega-3 yake. Ana ukweli nusu. Samaki mweupe mafuta yake hayatunzi kwenye mnofu, anayatunza kwenye ini, ndo sababu kuna mafuta ya ini la kodi na hakuna mafuta ya mnofu wa kodi. Wale wa mafuta, salmoni, sadini, makereli, mafuta yametapakaa mnofu mzima. Ukilinganisha, salmoni wa kufugwa ana kama gramu 2 za EPA na DHA, ndo omega-3 tunazozitaka, kwa kila gramu 100 zilizopikwa, kodi ana kama 0.16. Tofauti kubwa, hamna ubishi. Lakini kusema HANA ni uongo, maana mama anamla kila siku: kipande cha gramu 130 kinampa kama miligramu 200, na kiwango ambacho mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, inakitaja kuwa kinatosha kwa mtu mzima wa kawaida ni miligramu 250 kwa siku. Yuko mlangoni tayari bila kapsuli hata moja.

Na kuna utafiti nauheshimu sana japo ni wa zamani, ule wa Zutphen kule Uholanzi, uliotoka 1985. Wanaume 852 wa umri wa kati walifuatiliwa miaka 20, wale waliokula samaki angalau gramu 30 kwa siku vifo vya ugonjwa wa moyo vilikuwa chini ya nusu ya wale wasiokula kabisa, na cha kuchekesha ni kwamba sehemu kubwa ya samaki waliokuwa wanakula ni hawa hawa weupe. Sisemi kwamba samaki ndo aliwaponya, mtu anayekula samaki huenda na mambo mengine anafanya tofauti, aina hii ya utafiti haiwezi kuthibitisha hilo. Ila inatosha kumwambia jirani apunguze sauti. Kapsuli nazo, jaribio kubwa la VITAL Marekani lililotoka 2018, watu 25,871, gramu moja ya omega-3 kila siku, kwa miaka mitano na kidogo, halikuonyesha kupungua kwa maana kwa jumla ya matukio makubwa ya moyo na kiharusi ukilinganisha na waliopewa kapsuli tupu. Kwenye mshtuko wa moyo peke yake kulikuwa na dalili ya nafuu, hasa kwa wanaokula samaki kidogo, lakini mama yako anakula kila siku.

Ninachoweza kukubaliana na jirani ni hiki: siku mbili kati ya saba mbadilishie, mpe sadini au makereli au salmoni. Na hapo zaidi ya omega-3 mimi natafuta vitamini D, ambayo samaki mweupe anayo kidogo sana na mtu wa zaidi ya miaka 70 anahitaji uniti 800 kwa siku, pamoja na kalsiamu. Mnofu mweupe kwenye kalsiamu ni karibu bure, miligramu 20 hivi, wakati sadini za kopo zikiliwa na vile vimifupa vyake laini zina karibu 380 kwa gramu 100, na mwanamke wa umri wake anatakiwa apate 1,200. Chagua zenye chumvi kidogo. Ila msikimbilie mafuta ya ini la kodi ili kufidia, watu wanayanywa kwa vijiko vya mezani kama dawa ya kikohozi, kijiko kimoja kikubwa kina vitamini A zaidi ya mikrogramu 4,000, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 3,000, na vitamini A ikizidi kwa muda mrefu inahusishwa na mifupa kudhoofika. Yaani unaokoa misuli unaharibu mfupa.

Kukaanga. Hapa sitakuwa mkali kama ulivyotegemea. Protini haiendi popote akikaangwa. Kinachotokea ni maji kutoka na mafuta kuingia, na kama kuna unga wa kupakaza kwa nje ndo unakuwa sponji, kalori zinapanda mara mbili au zaidi. Kuna utafiti wa 2003 wa wazee wa Marekani, miaka 65 kwenda juu, uliotenganisha hawa makundi mawili: waliokula samaki wa kuoka au kuchoma walikuwa na vifo vichache vya ugonjwa wa moyo, waliokula wa kukaanga na zile sandwichi za samaki faida haikuonekana. So kila siku wa kukaanga kwenye mafuta mengi, hapana, na ana sukari, hapana zaidi. Mara moja moja hamna kesi.

Lakini sikiliza upande wa pili ambao hausemwi sana. Sisi tumeshazoea kuona "hana mafuta" ni sifa. Kwa mtu wa miaka 40 anayepunguza tumbo ni sifa. Kwa mama wa miaka 71 anayekula kidogo, anayeshiba upesi, inaweza kugeuka tatizo, kwa sababu mwili usipopata kalori za kutosha unaichoma ile protini kama kuni, na wewe ulimpa ijenge misuli. Kalori 105 za kodi na supu ya mboga sio chakula cha kumfikisha popote. Kwahiyo kama uzito wake umekuwa ukishuka, samaki mchemshe kwa mvuke au umuoke halafu mwagia kijiko cha mafuta ya zeituni juu, kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120, hajashiba zaidi ila ameongeza. Mpime uzito kila wiki mbili, mizani ile ile, asubuhi.

Na usimuivishe kupita kiasi. Huu mnofu uzuri wake kwa mzee ni ulaini, tishu ngumu za kuunganisha nyama ni chache na zinayeyuka kwa joto dogo, ndo maana unachambuka vipande vipande kwa uma wakati nyama ya ng'ombe inakusumbua. Ila ukimzidisha moto anakuwa mkavu kama pamba, na mtu mwenye meno ya bandia au mate machache atatafuna tafuna mwisho anatema kwenye tishu anakwambia kashiba. Kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu, kwa mvuke dakika 8 mpaka 10, angalia katikati: ule mng'ao wa kama kioo umeisha, umekuwa mweupe kabisa, ukikandamiza kwa uma unaachana. Kama una kipimajoto ni nyuzi 63. Pitisha vidole kwenye mnofu mbichi kutafuta miiba hata kama pakiti imeandika haina.

Ukiwa na hiyo pakiti mkononi geuza nyuma usome viambato. Inatakiwa iandikwe samaki, labda na maji au chumvi, basi. Ukiona E451 au E452 au neno lolote lenye fosfeti, hizo huwekwa ili mnofu ushike maji, unanunua maji kwa bei ya samaki na protini inapungua kwa kila gramu unayopima. Kwa mwenye figo dhaifu ni mbaya zaidi maana fosfeti ya kiwandani mwili unainyonya karibu yote. Dalili yake ni ukipika anatoa maji meupe mengi mpaka anaogelea.

Zebaki, fupi tu: kwa samaki hawa usiwe na wasiwasi. Inajikusanya kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi, papa, samaki upanga, jodari wakubwa. Kodi, hadoki, tilapia wako kwenye kundi la chini kabisa kwenye orodha ya mamlaka za Marekani. Hao wakubwa ndo msiwageuze chakula cha kila siku.

Kitu hukuuliza ila kimenikaa kichwani tangu nisome ujumbe wako ni metformini ya miaka mingi. Hiyo dawa inapunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na tumbo la mzee lenyewe tayari linaitoa B12 kwenye chakula kwa shida kwa sababu asidi imepungua. Kwenye karatasi samaki anampa nyingi, tilapia wa gramu 130 anakaribia mikrogramu 2.4 ambazo ndo mahitaji ya siku, kodi zaidi ya nusu, ila ya kwenye sahani na ya kwenye damu ni mambo mawili. Aliacha nyama pia, usisahau. Kama ana ganzi au vichomi miguuni usikubali moja kwa moja kwamba ni sukari, omba apimwe B12 kwenye damu, ikiwa chini inarekebishwa kwa vidonge au sindano. Dawa msiiache wenyewe.

Na protini bila kazi ya misuli haifiki mbali, hata ungempa samaki mzima. Sizungumzii jimu. Kiti tu. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka anavyoweza, wewe simama karibu yake na saa. Kundi la wataalamu wa sarkopenia la Ulaya, kwenye mwongozo wao wa 2019, wanasema zaidi ya sekunde 15 ni alama ya misuli kukosa nguvu, na asipoweza hata moja bila mikono hiyo nayo ni jibu, mpeleke akafanyiwe vipimo na asisubiri samaki. Akiweza, hilo hilo liwe zoezi lake, raundi mbili tatu, siku tatu au nne kwa wiki, na akizoea ashike chupa ya maji kila mkono.

Mpime wiki hii kabla hujabadilisha chakula, andika sekunde na tarehe, halafu mpime tena baada ya wiki 12. Na uniandikie na urefu wa kiti pia, sentimita 43 hadi 46 ndo cha kawaida, kirefu kinampendelea na kifupi kinamuonea.